Salamu kwa Saa ya Mwenzako

"Usimguse! Umemmaliza, sasa unataka kumlilia?"

"Shemeji, huyu ni mume wangu!"

"Alikuwa mume wako. Huyu ni mdogo wangu, nimemlea mimi kwa mikono hii. Toka!"

"Nitoke niende wapi? Nyumbani kwangu hapa!"

Inspekta alisimama mlangoni mwa karakana akawaacha waendelee kidogo. Watu wakigombana husema mambo ambayo ukiwauliza kwa adabu hawasemi. Lakini shemeji mtu, kaka wa marehemu, alipoinua mkono, aliingia kati.

"Basi. Nje, wote wawili. Mnanikanyagia ushahidi."

Inspekta alikuwa mama wa watoto wanne na hakuwa na tabia ya kurudia neno. Walitoka.

Karakana ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba. Marehemu alikuwa fundi wa meno bandia, na meno yalikuwa kila mahali: rafuni, kwenye trei, mengine yamebanwa kwenye vifaa kana kwamba yanacheka peke yake. Vumbi jeupe la plasta lilifunika benchi, viti, redio, hata majani ya ua lililokuwa dirishani. Marehemu alilala chali kando ya benchi. Kona ya jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa kwenye benchi, ilikuwa na damu.

"Kagonga kisogo," alisema daktari wa uchunguzi akivua glavu. "Na kifuani ana michubuko. Kasukumwa."

"Saa ngapi?"

"Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Usinibane zaidi ya hapo."

"Alikufa palepale?"

Daktari alitikisa kichwa. "Hapana. Angewahishwa, huenda tungekuwa tunazungumza naye."

Koplo alileta simu ya marehemu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kaka mtu ndiye aliyeiokota chini ya benchi, kwa leso, eti asiharibu alama. Namba ya siri ilikuwa ileile ya mlango wa karakana. Familia nzima waliijua, kaka mtu akiwemo.

"Afande, kazi imekwisha," alisema Koplo. "Saa saba mchana alikuwa bado anachati na marafiki zake. Kaka yake alipita hapa asubuhi, lakini tangu saa tano mpaka alipoitwa alikuwa kliniki kwake anang'oa watu meno. Wagonjwa tisa ni mashahidi. Mke alirudi saa saba na nusu. Hakuna mwingine aliyeingia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mke."

Mkuu wa kituo naye alisema hivyohivyo. Jioni ile mke wa marehemu akawekwa mahabusu, na watoto wake wawili wakachukuliwa na baba yao mkubwa, yule daktari wa meno. Kesho yake mchana mama alitakiwa kufikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji.

"Mnifunge mimi, sawa," alimwambia Inspekta kupitia nondo. "Lakini wanangu wako kwa mtu anayewaambia mama yao ni muuaji. Unajua mtoto akishaambiwa hivyo?"

Inspekta alijua. Aliuliza: "Ulipoingia, simu ya mumeo ilikuwa wapi?"

"Sikuiona. Yangu haikuwa na chaji, nikaitafuta ya kwake niite gari la wagonjwa. Nilipekua benchi juu na chini. Mwisho nikakimbilia kwa jirani. Yeye ndiye aliyempigia na shemeji."

"Chini ulipekua?"

"Nimekwambia juu na chini, afande. Nilipiga magoti."

Asubuhi iliyofuata Inspekta alifika kazini kabla ya wafagiaji. Aliutoa ule mfuko, akaigeuza simu mbele ya taa. Mle karakana hata redio ilikuwa nyeupe. Simu hii ilidaiwa kulala chini ya benchi, lakini haikuwa na chembe ya plasta, wala alama ya kidole cha mtu yeyote, hata ya mwenyewe. Imefutwa ikafutika.

Akaanza kusoma.

Kundi lilikuwa la watu watatu waliokutana mtandaoni wakicheza drafti. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mmoja alikuwa dereva wa winchi kwenye bandari ya mbali mashariki, kule ambako siku huanza mapema, walimwita Kesho. Wa pili alikuwa mwokaji mikate, mama aliyeishi mbali magharibi, walimwita Jana. Fundi wa meno, kwa kuwa alikaa kati yao, akawa Katikati.

Inspekta alijikuta anatabasamu.

"Kesho, wewe umeshatangulia. Leo itaishaje?" aliuliza Katikati wiki iliyopita.

"Vizuri tu. Nimeshaimaliza, nimewaachia mabaki."

"Msiniharakishe," aliandika Jana. "Mimi hata hii yangu ya jana sijaifua."

Kurasa na kurasa za utani. Fundi alituma picha ya seti ya meno ikiwa imevishwa miwani: "Mume mtarajiwa wa Jana." Jana akajibu: "Huyu angalau anatabasamu. Yule wangu wa kwanza alikuwa na meno yake yote na hakuwahi."

Halafu zikaja zile za jana saa saba mchana, na kicheko kikakatika.

"Habari za mchana Jana. Mimi niko salama, nina kazi nyingi."

Jana: "WIMBO!"

Kesho: "Siamini! Katikati kaanguka! Wimbo, wimbo!"

"Wimbo gani?"

Jana: "Usijifanye hujui. Lipa."

Baada ya hapo, kimya.

Inspekta aliwapigia kwa video. Nyuso mbili zikatokea kwenye kompyuta: mzee mwenye kofia ya kazini akila chakula chake cha jioni, na mama mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi.

"Habari za asubuhi," alisema Inspekta.

"Wimbo!" walipiga kelele kwa pamoja, kisha wakashtuka kuona sare.

"Samahani, afande," alisema Kesho. "Mazoea. Katikati yuko wapi? Kakamatwa kwa kukataa kuimba?"

Hakukuwa na njia laini ya kulisema. Akalisema. Mzee aliweka kijiko chini. Mwokaji alikaa juu ya gunia la unga, akatazama pembeni.

"Nielezeni huo wimbo," alisema Inspekta. "Taratibu."

"Ni sheria yetu," alisema Jana. "Unamsalimia mtu kwa saa ya kwake, si ya kwako. Hapa kwangu usiku wa manane, naoka mikate. Ukiniambia habari za asubuhi, umekosea. Ukikosea, unarekodi wimbo, unatuma."

"Ili kila mtu akumbuke kwamba mwenzake naye ana siku yake," alisema Kesho. "Katikati ndiye aliyeianzisha. Tangu tuanze hajawahi kukosea."

"Na jana?"

"Jana alinisalimia kwa mchana," alisema mwokaji, "na kwangu hata jogoo hajawika. Halafu anauliza wimbo gani! Nikajua ananitania."

"Hakuwa yeye," alisema Inspekta.

Halafu mwokaji akasimama. Moshi ulikuwa unaonekana nyuma yake.

"Afande, mikate yangu inaungua na iungue. Mtafute huyo mtu."

"Kuna jambo lolote jipya alilokuwa nalo?"

"Alikuwa anahama," alisema Jana. "Nimempatia kazi hapa mjini kwangu, maabara ya meno, na mkewe na watoto waje. Asubuhi yake ya jana ndiyo angemwambia kaka yake. Alikuwa anaogopa. Tukawa tunamtumia vichekesho ili apate moyo."

Inspekta aliteremka mahabusu kwa hatua ndefu.

"Nyumbani kwenu mnajua habari ya wimbo?"

Kwa mara ya kwanza mjane alikaribia kucheka. "Nani asiyejua? Mimi nimeimbishwa mara mbili. Watoto walikuwa wanakosea makusudi ili waimbe."

"Na shemeji yako?"

"Shemeji? Yeye akiona simu mkononi mwa mdogo wake alikuwa ananuna. Hakuwahi kuuliza hata hao watu ni akina nani."

Koplo alikuwa anamsubiri kwenye ngazi. "Lakini, afande, si huyu mama angeweza kujifanya hajui?"

"Tumia kichwa, Koplo. Ujumbe ule unaonyesha mtu yuko hai saa saba ili kifo kiangukie saa saba na nusu, saa aliyorudi mke. Umeona wapi mtu akidanganya ili akamatwe mwenyewe? Nenda kampuni ya simu. Nataka kujua simu hii saa saba ilishika mnara gani."

Jibu lilirudi kabla ya chai ya saa nne kupoa. Mnara wa ng'ambo ya mji, mtaa wa kliniki.

Daktari wa meno aliletwa akiwa bado na koti lake jeupe. Alikaa wima.

"Nina wagonjwa wanasubiri, Inspekta. Na nina watoto wa marehemu wa kuwaangalia."

"Sitakuchelewesha. Jana asubuhi ulienda kwa mdogo wako kufanya nini?"

"Kuchukua kazi. Seti mbili. Nikamwacha mzima, anacheka na simu yake."

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Mdogo wako alikuwa anaimba?"

"Nini?"

"Swali rahisi. Alikuwa anaimba?"

"Mdogo wangu hakuwa mtu wa kuimba. Hiyo ina uhusiano gani?"

"Simu uliiokota wapi?"

"Chini ya benchi. Nimeshasema."

"Saa saba simu hiyo ilikuwa mtaani kwako. Maiti haipandi basi, daktari."

Daktari alifunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Uliichukua," alisema Inspekta. "Ukaandika ukiwa kliniki, katikati ya wagonjwa wawili. Ukaifuta, ukairudisha jirani alipokuita. Shemeji yako alishapiga magoti chini ya benchi hilo, haikuwepo. Ulitaka aonekane hai wewe ukiwa mbali. Ila ulimsalimia yule mama wa kundini kwa saa yako, si yake."

"Saa yangu?"

"Ndiyo. Mdogo wako hakuwahi kufanya hivyo. Mkewe anajua. Wanawe wanajua. Ni wewe tu usiyejua."

Daktari alitazama mikono yake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini.

"Nilimlea tangu ana miaka sita. Nilimfundisha kazi. Jana ananiambia anahama, anawafuata watu wa kwenye simu. Watu asiowajua hata urefu wao! Nikamwambia, na mimi je? Nikawa nazungumza, Inspekta, nazungumza kwa uchungu. Simu ikalia. Akaitazama. Akacheka."

"Ukamsukuma."

"Miaka mingapi hajacheka hivyo na mimi? Kwangu ni ndiyo kaka, hapana kaka. Nikamsukuma. Akaangukia jiliwa."

"Alikuwa anapumua."

Daktari aliendelea kutazama mikono yake.

"Daktari. Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo."

"Ukaondoka."

"Nikasubiri kwanza. Nikafikiri akiamka atasema. Halafu nikafikiri, akiamka ataondoka tu." Aliziba uso. "Nikachukua simu."

"Na shemeji yako ulimtupia kesi kwa nini?"

"Watoto wangebaki kwangu. Ningewalea. Kulea ninajua."

Koplo alimaliza kuandika maelezo, mtuhumiwa akasaini, pingu zikafungwa.

Mkuu wa kituo aliyasoma akiwa amesimama. "Kazi nzuri. Huyo mama atatoka kesho. Mwendesha mashtaka leo hayupo, na jalada lazima lipitie kwake."

"Hajafikishwa mahakamani, mkuu. Yuko ndani kwa saini yangu."

"Utaratibu, Inspekta."

"Watoto wanatoka shule sasa hivi, na wakifika kwa baba yao mkubwa watakuta askari wanapekua nyumba. Nani atawaeleza? Utaratibu?"

Hakungoja jibu. Alichukua kitabu cha mahabusu, akafuta jina, akasaini pembeni. Akateremka, akachukua funguo ukutani mwenyewe, akafungua.

"Vaa viatu," alimwambia mjane. "Shule yao iko wapi?"

"Nyuma ya soko. Afande, ni kweli?"

"Ni kweli. Mengine nitakueleza garini. Kimbia, mama, kengele inalia."

Wakakimbia.