Mabua Yaliyoliwa na Jua

Kila asubuhi Milembe wa kijiji cha Lalago alishika njia ya shambani, jembe begani. Mwaka ule shamba lilimtia simanzi. Serikali ilikuwa imeondoa ruzuku, mbolea ya dukani haikushikika kwa bei, na mahindi yalizidi kudumaa. Mumewe, Mashimba, alikwisha kusema kwamba mavuno yakiharibika tena watahamia Geita. Milembe hakutaka. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amezikwa pale.

"Tunaacha mabua yote shambani," alimwambia jirani yao, Mzee Ngassa. "Mbona hayawi mbolea?"

Ngassa alikuwa bwana shamba mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi. Alifunga matita mawili ya mabua yenye uzito sawa. Moja akalitundika juani, jingine ndani ya ghala, yote mawili juu, mbali na mchwa. Ilikuwa Julai.

Mwishoni mwa Septemba, kabla tone la mvua halijadondoka, alimwita Milembe ayashike. Tita la ghalani lilikuwa bado gumu. La juani lilikuwa jepesi, limepauka, na mabua yake yakamvunjikia mkononi.

"Mama, huku kwetu kwenye ukame jua hula mabua hata bila mvua," Ngassa alisema. "Lakini sehemu kubwa ya linachokula hupotea hewani. Ukiyafunika, mvua ikinyesha vijidudu vya udongoni huyala. Hapo udongo hushiba."

Mashimba alinung'unika kwamba kazi ni nyingi, lakini akashika jembe. Waliyalaza mabua yaliyosalia kwenye mifereji kati ya matuta, wakayapasua matuta ya zamani na kuyafunika mabua kwa udongo. Mwaka uliofuata waliyafukia mara tu baada ya kuvuna, jua halijayachakaza.

Msimu wa pili udongo ulikaa na unyevu siku kadhaa baada ya kila mvua. Mahindi yakanenepa. Ghala halikufurika, lakini chakula kiliwafikisha msimu mwingine, na Mashimba hakuitaja tena Geita.

Milembe alimpelekea Ngassa kikapu cha mahindi mabichi. Akapiga goti.

"Wabeja, baba. Asante sana. Umetubakiza nyumbani."

Ngassa alikipokea kwa mikono miwili.

"Nilipopewa barua ya kuachishwa, nilidhani kazi yangu imekwisha," alisema. "Karibu ndani, mama. Tuyachome haya, tule pamoja."