Bi Umulkheir na Benchi la Kuogea

Asubuhi, kabla muziki wa mtaa wa Kamwokya haujaanza, Nusura alimpelekea mama yake chai ya tangawizi. Saa hiyo Bi Umulkheir alikuwa mchangamfu kama watu wote. Alicheka, akauliza mvua imenyesha wapi. Siku nyingine alimwita Nusura "mwanangu," siku nyingine "dada," kwa kuwa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemchanganyia watu. Nusura aliitikia yote mawili.

Taabu ilikuwa kuoga.

Siku ile, maji yalipomgusa tu bega, Bi Umulkheir alirusha kofi. Likampata Nusura shavuni. Jagi likaruka, likagonga ukuta.

"Niacheni," mama alilia. "Niacheni, bado mimi."

Rafiq, kaka yake Nusura, alikuwa akifungua duka lao la vitambaa upande wa mbele. Alikuja mbio, akasimama nje ya pazia mpaka dada yake alipotoka.

"Dada, imetosha. Kesho tunamfunga mikono kwa leso. Akimaliza kuoga tunamfungua."

"Umfunge mama yako?"

"Nimfunge, au nimwache akung'oe jicho?"

Mama hakuwa ameoga tangu Ijumaa, na ngozi yake ilianza kuchubuka. Lakini mikono ile ndiyo iliyowalea. Na alijua kwamba ikifungwa mara moja, itafungwa kila siku.

Akatoka kwenda uani. Jirani yao Aloyo, muuguzi wa wazee, alikuwa akianika nguo.

"Nusura, shavu limegombana na nani?"

"Na mama. Nikimwogesha."

"Kumbe jaja, bibi yetu huyu, bado ana nguvu." Aloyo akaweka nguo chini, akamkaribisha kwenye jamvi. "Sikiliza. Mgonjwa kama huyu hapigi kwa ubaya. Anaogopa, au anaumwa, na maneno ya kusema hivyo yamempotea. Umemwangalia kama ana maumivu?"

"Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki. Walimpima mkojo, wakamtazama meno na masikio. Wakasema ni mzima."

"Vizuri, hayo hutazamwa kwanza. Sasa nieleze unavyomwogesha. Usiruke kitu."

"Namlaza kwenye benchi. Namfunika shuka. Namwagia maji kwa jagi, naanza upande wa kulia, halafu..."

Nusura akatazama mikono yake mwenyewe.

Kwa miaka mingi Bi Umulkheir alikuwa mwosha maiti wa akina mama wa msikiti wao. Nusura alimsaidia kumimina maji. Ndiko alikojifunza kumwosha mtu mzima, na njia nyingine hakuijua.

"Ya Rabi," akasema polepole. "Nimekuwa nikimwosha mama kama aliyekufa. Ndiyo maana hulia, 'bado mimi.'"

Aloyo alikuwa Mkristo kutoka mji wa Gulu, na mambo hayo hakuyajua. Nusura akamweleza jinsi maiti anavyooshwa: benchi, shuka, upande wa kulia kwanza. Muuguzi akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi hata mimi ningekupiga," akasema. "Tena kwa jagi lenyewe."

Wakacheka, na Nusura akajifuta machozi ambayo si yote yalikuwa ya kicheko.

"Mkalishe," Aloyo akaendelea. "Simama mbele yake akuone. Jagi ashike mwenyewe. Mwambie jambo moja, umngoje, kisha la pili. Akikasirika usibishane naye. Rudi nyuma, mwache atulie, ujaribu baadaye. Na habari ya kumfunga, mwambie Rafiq aiache. Mtu aliyefungwa huogopa zaidi, na anaweza kuumia."

Kesho yake Nusura alingoja mama amalize chai na kuanza kucheka. Benchi alikuwa amelihamishia dukani. Mahali pake aliweka kiti cha plastiki na beseni la maji ya uvuguvugu. Rafiq alisimama nje ya pazia na leso mkononi, kwa sababu hakuamini.

"Mama, maji haya. Tuanze miguu au mikono?"

Bi Umulkheir alitazama pembe zote, kama anayetafuta lile benchi. Hakuliona. Akachovya kidole.

"Miguu."

Akamimina mwenyewe, tena kwa ustadi, bila kumwaga ovyo. Nusura aliponyoosha mkono kumsugua mgongo, mkono wa mama ukainuka. Nusura akarudi nyuma. Mkono ukashuka.

"Mgongo siufikii," mama akasema. "Nisugue wewe, dada."

Nje ya pazia Rafiq aliuliza kwa sauti ya chini, "Vipi, nilete leso?"

"Ilete. Mama anasikia baridi."

Mkono uliotoka kuipokea ulikuwa wa Bi Umulkheir. "Ahsante, baba," akamwambia. "Na wewe uoge. Unanuka jasho."

Si kila siku mambo yalikuwa hivyo. Siku nyingine alikataa, na Nusura akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akangoja hadi baada ya adhuhuri. Lakini ngozi ilipona, na Rafiq hakutaja tena kufunga mikono. Leso sasa hutundikwa karibu na kile kiti. Bi Umulkheir akimaliza kuoga, huichukua mwenyewe.