Jina Alilopigia Chafya

Kilichoanza kumkera Priscah ni harufu ya ugoro kwenye mto wa mumewe. Kigen hakuwa mtu wa tumbaku. Alikuwa mwalimu mpole, wa kuomba msamaha hata akikanyaga paka. Lakini baada ya kufanyiwa upasuaji wa bypass ya moyo alirudi nyumbani Moiben na tabia ya kutembea na kikopo cha ugoro mfukoni, na akaamuru fimbo ya marehemu baba yake itolewe stoo itundikwe jikoni.

Kisha akampiga Priscah, mara ya kwanza tangu waoane. Alimpiga kwa mkono wa kushoto, na Kigen hutumia wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wa Mzee Chumo, baba mkwe, aliyemvunja mkewe taya, na siku alipozikwa watu walipumua.

Siku ya kipimo cha moyo, huko Eldoret, Kigen alidungwa dawa ya nyuklia, akalazwa mikono juu ya kichwa, kamera ikakizunguka kifua chake polepole. Baadaye Wanyonyi, mpiga picha za mionzi wa hospitali, akamwonyesha Priscah ule moyo ukipiga kwenye kompyuta.

"Damu inafika poa, Mama. Ni huu ukuta wa katikati tu. Kuta zingine zikiingia ndani, huu unaenda upande wake. Lakini baada ya bypass tunaona hivyo sana, usiogope."

Priscah hakuogopa. Alikasirika mpaka masikio yakawaka moto, maana ukuta ule ulikuwa ukivutana na wenzake kama fahali anayekataa kamba, na kila ulipovuta harufu ya ugoro ilizidi katika chumba kile kilichonuka spiriti, ikamjaa kooni, na kutoka kwenye mashine iliyokwisha zimwa kikasikika kikohozi kikavu cha mzee, kile kile kilichokuwa kikitangulia kipigo, hata Wanyonyi naye akageuka kutazama nyuma yake.

Kwenye korido alimbana wifi yake.

"Jerop, Kigen alipoamka baada ya operesheni, ulifanya nini?"

"Nilikuwa naomba tu," Jerop akanong'ona. "Nikataja jina la baba. Hapo hapo akapiga chafya."

"Na ukanyamaza."

"Nilidhani ni baraka."

Kwao mtoto akizaliwa huitiwa majina ya marehemu, moja baada ya jingine, na jina analopigia chafya ndilo la aliyerudi ndani yake. Moyo wa Kigen ulikuwa umesimamishwa kwenye operesheni, ukaanzishwa upya. Alikuwa mtoto mchanga mwenye mvi, na mjinga huyu akamwitia shetani.

Jioni, jikoni, Priscah alikipokonya kile kikopo akampulizia mumewe ugoro puani.

"Kigen," akaita. "Kigen. Kigen."

Mumewe akapiga chafya, akajishika kovu la kifuani, akaanguka magotini. Alipoinua uso, macho yalikuwa yake.

"Priscah," akasema akilia, "mimi nilikupiga?"

Priscah angenyamaza hapo, yangeisha. Lakini hasira ilikuwa imemfika shingoni. Akaigeukia ile fimbo ukutani.

"Chumo, mshenzi wewe. Umetesa watu ukiwa hai, umetesa watu ukiwa kaburini. Toka kwangu, Chumo. Chumo..."

Ugoro ulikuwa bado unaelea hewani, na mzee aliyetolewa hakuwa na pa kwenda. Priscah akapiga chafya.

Binti yao Cynthia alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa, mengine yamemwagika sakafuni.

"Mum, mbona umeshika fimbo ya babu?"

Priscah akautazama mkono ulioishika. Ulikuwa wa kushoto. Alitaka kumwambia mtoto akimbie, lakini kilichomtoka ni kikohozi kikavu.