Daktari Asiyejua Kukataa

Foleni ya benki siku ya mshahara haina huruma, na daktari alikuwa ameegemea nguzo, macho mekundu, gauni lake la bluu limekunjamana kwa zamu ya usiku.

"Dada, watu wamesogea, wewe umebaki na nguzo yako," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka akaona suti ya kijivu, tai iliyolegezwa, na uso uliochoka karibu kama wake.

"Kazi gani hiyo inayokumaliza hivi?"

"Daktari."

"Nami nikidhani madaktari ndio wenye pesa."

"Wewe je?"

"Wakili."

"Na mimi nikidhani mawakili hawapangi foleni."

Alicheka, naye akacheka, na damu zao zikapatana hapo hapo. Baada ya hapo ikawa ni simu tu. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula." "Mwongo wewe." Alikuwa mwongo kweli.

Wakili alitaka waoane, ila alitaka kwanza daktari aiache hospitali ya serikali. Kampuni moja ya bima, mteja wake, ilikuwa ikitafuta daktari wa kukaa ofisini na kukagua madai, kwa mshahara mara tatu ya ule wa wodini. "Utalala usingizi kama watu," alimwambia. Daktari hakukubali wala hakukataa. Alikuwa amechoka hata kuamua.

Jumamosi moja alipita ofisini kwa wakili moja kwa moja kutoka kazini. Aliketi kwenye kochi, akaanza kumsimulia habari za mama aliyemfia mikononi alfajiri. Alipofika pale mume wa marehemu alipouliza kama anaweza kuingia, aliona simu ya wakili mezani. Saa ilikuwa ikikimbia kwenye kioo, ile ambayo mawakili huiwasha mteja akianza kueleza shida zake, ili wajue watamdai kiasi gani.

"Unanihesabia?"

Wakili aliitazama simu akapigwa na butwaa. "Wallahi ni mazoea. Mtu akikaa hapo akianza kusema, kidole kinakwenda chenyewe."

"Wote wawili kazi yetu ni kusikiliza watu wenye shida," daktari alisema taratibu. "Ila wako wanalipia kila neno. Wangu wakinishukuru, ndiyo basi."

Alichukua mkoba wake akatoka. Simu zilizofuata hakuzipokea.

Dada yake mkubwa, aliyekaa naye, alimvumilia hadi akashindwa. "Mdogo wangu, wewe hukukasirikia ile saa. Umekasirikia mshahara wako, ukamtwisha huyo maskini." Neno hilo lilimchoma daktari.

Jumatatu alikuwa katika chumba chake cha wagonjwa wa nje, akaita anayefuata. Akaingia wakili, bila tai, shati limeloa jasho.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi, nawatazama watu wakiingia kwako. Sasa nimejua kwa nini mnalipwa kidogo."

"Kwa nini?"

"Mimi mteja asipolipa, namfungia mlango. Wewe huwezi, na wanaowalipa wanajua huwezi. Wanajua kesho utakuja tu."

Daktari alikaa. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia hivyo bila kumsifu kwanza.

"Kwa hiyo bado unataka nihamie bima."

"Nilitaka. Nilidhani nakuokoa, kumbe nilitaka daktari mwingine, asiye wewe. Baki hapa. Ila jioni uje kwangu, hivyo hivyo ulivyochoka."

"Utakuwa umeoa mtu asiye na nguvu hata ya kugombana."

"Nagombana na watu kutwa nzima, mpenzi. Nyumbani nitapumzika."

Alimtazama. Alimpenda, na alikuwa amechoka, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa pamoja.

"Umekula nafasi ya mgonjwa," alisema.

"Nijibu kwanza."

"Basi ndiyo. Sasa mpishe huyo mama mlangoni."

Mama aliingia na mtoto anayekohoa mgongoni. Daktari alimsikiliza mtoto kifua, mbele na nyuma, huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mama yule alimwona akaingiwa na hofu.

"Daktari, usinifiche. Ni mbaya?"

"Hapana, mama," alisema, akijifuta kwa mkono wa koti. "Mtoto ni mzima. Mafua tu."