Damu Haitangulii Posa
Hilali alimkanyaga Shamsia mguu katika soko la Kasulu, mwaka 1976, akirudi kinyumenyume na kreti la chupa za maabara. Shamsia alivaa gauni la njano na kitambaa cheupe kichwani, na hakuwa mtu wa kuonewa.

"Daktari, unaona yaliyomo ndani ya damu, mguu wa mtu huuoni?"

"Nisamehe, dada. Niutazame kama umeumia."

"Utazame kutoka hapo hapo uliposimama."

Wakaanza hivyo. Hilali alitumwa kutoka Dar kuchunguza saratani ya damu. Katika kila nyumba ya mtaa wa kina Shamsia, mtu mmoja mwenye afya alitolewa tone la damu lilinganishwe na la wagonjwa. Dresa Venanti, mhudumu wa zahanati, ndiye aliyezunguka na sindano na daftari; Hilali alikaa Kibondo na hadubini yake. Jumamosi alishuka Kasulu, dukani kwa baba yake Shamsia, ambako Kudra, mdogo wake Shamsia wa kike, alimwita shemeji hata kabla ya barua ya posa.

Kisha kikaja kipande cha kioo chenye tone la damu na jina la Shamsia. Hilali alikiangalia mara tatu. Chembe nyeupe zilijaa kama kumbikumbi baada ya mvua, na waliokuwa na damu ya namna ile aliyajua makaburi yao. Jumamosi hiyo hakwenda Kasulu, wala iliyofuata. Tusimpambe: msomi mzima alijificha nyuma ya kazi kwa woga.

Shamsia akapiga simu kutoka posta.

"Umepata mwingine huko Kibondo?"

"Hapana, mpenzi. Unalala vizuri? Huna homa?"

"Mimi nakuuliza habari za moyo, wewe waniuliza homa?"

Mtu wa posta akawakatia. Dakika zao tatu zilikuwa zimekwisha.

Kesho yake Hilali alimkuta Shamsia uani kwao akichambua maharage. Hakukaribishwa kiti. Akasema yote akiwa wima: kioo, jina, ugonjwa.

"Nataka tuoane wiki hii, tushuke Kigoma tupande treni, ukatibiwe Dar. Hata ukiwa mwaka mmoja tu, nautaka."

Shamsia aliacha maharage. "Hilali, mimi sijatolewa damu."

"Jina lako limeandikwa."

"Ego, limeandikwa. Balozi wa nyumba kumi alishanipanga. Lakini mama alikataa. Alisema damu ya binti haitangulii posa. Mchumba akishaipata, barua haileti tena. Nikamtuma Kudra akatolewe kwa jina langu."

Furaha ilimpanda Hilali kabla hajaizuia. Alimshika mikono, akasema alhamdulillahi. Shamsia akaiona furaha ile, akachomoa mikono yake.

"Unamshukuru Mungu kwa mdogo wangu?"

Hilali aliona aibu mpaka masikioni. Kutoka dukani Kudra aliita, "Shemeji, leo umeleta barua au sindano?"

Machozi yalimtiririka Shamsia, hakuyafuta.

"Atapona?"

"Sijui. Tukiwahi, atapata muda. Nitampeleka mwenyewe, kesho."

"Basi barua ilete leo," Shamsia alisema. "Mdogo wangu hasafiri na mwanamume asiye shemeji yake."