Sahani ya Rampha

Haya yalimkuta rafiki yangu Wichian, na yeye si mtu wa kutunga maneno. Alimpelekea Mzee Bunlert mianzi mipya ya kushikilia nyumba yake inayoelea ziwani, mvua ikamzuia, ikabidi alale hukohuko.

Giza lilipoingia, mzee alipakua wali na samaki, na sahani moja ikabaki bila mtu. Kwetu, marehemu akiwa bado nyumbani, tunagonga jeneza kila mlo kumwita ale. Lakini Rampha, binti wa mzee, alizama na mwili haukuonekana. Basi mzee alikuwa akigonga sakafu.

"Mzee wangu, mwache apumzike," Wichian alimwambia.

"Apumzike wapi? Jeneza lake liko wapi?" Mzee akamsogezea ile sahani. "Leo niitie wewe."

Wichian alimwonea huruma. Akagonga mbao, akamwita Rampha aje ale.

Mvua ilikuwa imekatika, ziwa limenyamaza. Palepale alipogonga, kukagongwa taratibu kutoka majini.

Mzee akalaza shavu sakafuni. "Mwaka mzima nakuita mimi, mwanangu," akanong'ona. "Mbona hukuniitikia?"

Kukagongwa tena, chini ya magoti ya Wichian.