Mlango Kichwani pa Kitanda

Sogeeni, wajukuu zangu, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele nafasi hiyo hakuna.

Kifungo kimoja kilikuwa cha moto. Ilianza hivyo tu. Fundi makochi alimtengenezea mkewe kichwa cha kitanda, kile cha kuegemea, sponji nene, mahameli ya kijani, vifungo vimezama kama vitovu vya watoto wachanga. Mke kaegemea, karuka.

"Mume wangu, hiki kifungo kina homa!"

"Kipe kidonge kilale," mume anacheka.

Hakumwambia kwamba ubao wa ndani ulikuwa mlango. Aliuokota penye nyumba iliyobomolewa, mti mgumu wa zamani, umefungwa na ufunguo haupo. Kitasa kikamgomea kutoka. Akaona tabu ya nini, akakizika chini ya sponji, akavuta kitambaa, akaukaza ukutani kwa skrubu. Fundi huyo, bwana! Kazi yake ukiigusa unataka kulala.

Kesho yake mchana mke kajilaza, jua kali nje, akasikia kitasa kinazungushwa. Polepole. Kisha harufu, ya chumba kilichofungwa miaka na nguo zimo.

Mume aliporudi, mke akamnong'oneza, "Kuna mtu nyuma yangu."

"Nyuma yako kuna ukuta."

"Ndiyo maana naogopa."

Akataka kuinuka, asiweze. Kichwa chake kimeshika pale pale, si nywele zilizonasa, si shingo iliyouma, ni kama kiganja kilichotulia kwenye paji la uso wake kinamrudisha nyuma, na kila akijikaza mahameli yanabonyea zaidi na kumpokea, mpaka masikio yakawa ndani, na huko ndani, anasema, kuna mtu anapumua kwa kusubiri.

Mama mkwe, mamake fundi, alipoambiwa ule ubao ni kitu gani, alishika kiuno. "Mlango? Umemlaza mtoto wa watu juu ya mlango, ukauziba kwa ukuta? Na mwenye kupita apite wapi, chini kama panya?"

Akaitwa mama mmoja mganga. Akainama, akauliza kwa upole, "Nani wewe?"

Mdomo ulikuwa wa mke, sauti si yake. "Mpita njia. Nagonga. Mbona hamfungui?"

Mganga akamvuta fundi pembeni. "Chana kitambaa. Kitasa kifungue kwa bisibisi, useme, pita. Usivunje, unanisikia? Mkeo yumo katikati. Mlango ukivunjika, atapitia wapi kurudi?"

"Nimesikia, mama."

Akachana. Akachokonoa kitasa, bisibisi inateleza kwa jasho, na mkewe anazama, uso umekuwa wa majivu, mkono umemkamata mume shati unamwita bila sauti, na kitasa kinazunguka nusu kinarudi, nusu kinarudi, na mtu anayempenda atafanya nini, niambieni, mke anakufa mbele yake na shoka liko chini ya benchi lake la kazi?

Alipiga. Mbao zikaruka. Pazia likapepea kuelekea nje, ile harufu ikaondoka, mke akavuta pumzi na kuketi.

"Mkwe wangu!" Mama mkwe analia, anamkumbatia.

Mganga hakushangilia. Alikuwa anaokota vipande, anavitazama. "Yule katoka," akasema. "Huyu je?"

Hawakumwelewa mpaka mke alipotaka kwenda uani. Alifika kizingitini, mlango uko wazi kabisa, jirani anamwona kutoka nje. Akasimama. Akapapasa hewa kwa viganja viwili, juu, chini, kama mtu anayetafuta komeo gizani.

Mume akang'oa milango yote ya nyumba ile. Akabomoa na ukuta wa mbele, watu wakamwita kichaa. Mke alikuja mpaka pale ukuta ulipokuwa, upepo unampeperusha kanga, mume amesimama hatua moja tu mbele yake, kanyoosha mikono.

Akagonga hewani. Wote wakasikia mbao.

"Mume wangu," akasema, "uko upande gani? Nifungulie."